Cooper Cronk au Mitchell Pearce: Mkongwe Apimwe Mwezi Gani?

Mwishoni mwa mwaka 2017 klabu ya Sydney Roosters ilifanya uamuzi ambao wapenzi wa raga ya wachezaji 13 nchini Australia hawajamaliza kuubishania hadi leo. Ilimsajili Cooper Cronk, aliyekuwa anakaribia kutimiza miaka 34, aivae jezi namba 7 ambayo kwa miaka kumi ilikuwa mali ya Mitchell Pearce, mwenye miaka 28, aliyeanza kuichezea klabu hiyo mwaka 2007 akiwa bado na miaka 17. Mazoea ya michezo yote ni kwamba mzee humpisha kijana. Hapa mambo yalikwenda kinyume: kijana, ambaye kwa kweli alikuwa katikati ya umri wake bora wa kucheza, alifungasha virago na kwenda Newcastle, na mzee akaingia.

Ulinganisho huu unawaweka wawili hao kwenye mizani moja ili kumsaidia mtu anayelazimika kuchagua, awe kiongozi wa klabu mwenye bajeti mkononi au shabiki tu anayetaka kubishana kwa hoja. Nimeuchagua mkasa huu kwa sababu ni nadra kupata mwingine unaopimika vizuri kiasi hiki. Mara nyingi mkongwe anapobaki hatujui timu ingekuwaje bila yeye, na anapoondoka hatujui ingekuwaje angebaki. Kwa Roosters tunao msimu wa 2017 akiwa na Pearce na misimu ya 2018 na 2019 akiwa na Cronk, chini ya kocha yuleyule, Trent Robinson, na kwa sehemu kubwa wachezaji walewale.

Kazi ya namba 7

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanaifahamu raga kupitia timu ya Kenya ya wachezaji saba au mashindano ya wachezaji 15. Raga ya 13, ambayo makao yake makuu ni mashariki mwa Australia na kaskazini mwa Uingereza, ina kanuni moja inayobadilisha kila kitu: timu yenye mpira inaruhusiwa kukabwa na kuangushwa mara sita tu, na ikifika mara ya sita bila kufunga, mpira huhamia kwa wapinzani. Kwa hiyo mchezo mzima wa dakika 80 ni mfululizo wa bajeti ndogondogo za nafasi sita, na namba 7 ndiye mhasibu wake. Ndiye anayeamua washambulie upande gani, nani apokee pasi ya tatu, na zaidi ya yote, mpira upigwe wapi katika nafasi ya mwisho: juu, ili winga agombee hewani, chini, ili uteleze hadi nyuma ya mstari wa trai, yaani mstari wa mwisho ambao mpira ukiwekwa chini nyuma yake huwa ni bao, au mbali pembeni, ili wapinzani waanze safari yao wakiwa kwenye kona yao wenyewe.

Kazi hiyo haihitaji mbio kama ya winga wala kifua kama cha washambuliaji wa mbele. Ndiyo maana ni mojawapo ya nafasi chache ambazo mtu wa miaka 34 anaweza kufikiriwa kwa uzito. Mshambuliaji wa mbele wa umri huo hulipwa kwa kugongana mara thelathini kwa mchezo, na mwili wake una hesabu zake usizoweza kuzijadili. Namba 7 hulipwa kwa maamuzi, na maamuzi hayapungui nguvu kwa kasi ile ya magoti. Lakini hata yeye lazima akabe, na timu pinzani zenye akili huwatuma wachezaji wao wakubwa kuja kumgonga kwa makusudi, wiki baada ya wiki, mpaka achoke.

Mezani, kabla ya uamuzi

Tukirudi mwishoni mwa 2017 na kusahau yaliyofuata, upande wa Pearce haukuwa mwepesi hata kidogo. Alikuwa ameichezea Roosters michezo 238. Alikuwa namba 7 wa kikosi kilichotwaa ubingwa wa 2013 kwa kuifunga Manly 26-18, na timu yake ilimaliza kileleni mwa msimamo miaka mitatu mfululizo, 2013, 2014 na 2015. Alikuwa mkabaji hodari kuliko namba 7 wengi, mwenye mbio za ghafla karibu na mstari, na damu yake ilikuwa ya klabu. Dhidi yake yalisemwa mambo mawili. La kwanza, alifungiwa michezo minane mwaka 2016 kwa mwenendo wake nje ya uwanja, jambo ambalo kwa mtu anayetegemewa kuongoza wenzake halisahauliki upesi. La pili, ambalo ndilo zito kimchezo, timu zake zilikuwa zikikwama karibu na kilele: Roosters ilitolewa mchezo mmoja kabla ya fainali mwaka 2014, ikatolewa vivyo hivyo 2015, na tena 2017, North Queensland Cowboys walipoifunga 29-16.

Upande wa Cronk ulikuwa na utajiri wa aina nyingine. Alikuwa amecheza michezo 323, yote kwa Melbourne Storm, chini ya kocha Craig Bellamy. Alishinda tuzo ya Dally M ya mchezaji bora wa ligi mara mbili, 2013 na 2016, na alikuwa ametoka tu kutwaa ubingwa wa 2017. Aliondoka Melbourne kwa sababu za kifamilia zilizomtaka kuhamia Sydney, na si kwa sababu Storm imemchoka. Hilo ni jambo dogo ambalo mnunuzi wa mkongwe anapaswa kulitazama kwanza: je, anayemwachia amemwachia kwa shingo upande, au ameshusha pumzi ya nafuu?

Wawili hao walikwisha kukutana uso kwa uso katika siku kubwa. Mwaka 2012, katika mchezo wa tatu na wa mwisho kati ya majimbo ya Queensland na New South Wales, huku kila upande ukiwa umeshinda mara moja, Cronk alipiga mkwaju wa pointi moja kutoka mbali katika dakika za mwisho, na Queensland ikashinda 21-20. Aliyevaa namba 7 upande wa New South Wales siku hiyo alikuwa Pearce. Mkwaju mmoja hauwezi kumhukumu mtu, lakini nadhani viongozi wa Roosters hawakuwa wameusahau.

Hesabu za msimu wa kawaida

Hapa ndipo wanaomkweza mkongwe hupata mshtuko. Mwaka 2017, Pearce akiwa namba 7, Roosters ilishinda michezo 17 kati ya 24 ya msimu wa kawaida na kushika nafasi ya pili. Mwaka 2018, baada ya kumpata Cronk, tena pamoja na James Tedesco, mmoja wa mabeki wa mwisho bora duniani, aliyetoka Wests Tigers, ilishinda 16. Mwaka 2019 ilishinda 17. Kwa maneno mengine, mtu aliyetazama ligi kuanzia Machi hadi Agosti tu, kisha akafunga runinga yake, angeapa kwamba Roosters ilibadilisha namba 7 bila kupata kitu.

Ni kweli kwamba 2018 ulikuwa msimu wa ajabu, kwani timu nane zilizofuzu zilitenganishwa na ushindi mmoja tu kutoka ya kwanza hadi ya nane, na Roosters iliongoza kwa tofauti ya pointi za kufunga na kufungwa. Ni kweli pia kwamba hakuna timu iliyofungwa pointi chache kuliko wao mwaka huo, na namba 7 anayeupiga mpira kwenye kona kila mara huwasaidia wakabaji wake kuliko takwimu zinavyoonyesha, kwa sababu anawaanzishia kazi mita 90 kutoka lango lao badala ya mita 50. Hata hivyo, hoja ya anayempinga mkongwe inabaki imara: ushindi 17, kisha 16, kisha 17. Kama ungemnunua Cronk ili ushinde michezo mingi zaidi ya kawaida, ungekuwa umepoteza fedha.

Hoja nyingine ya wapinzani, ile ya kwamba mzee huishia kitandani kwa majeraha, haikusimama. Katika misimu miwili Roosters ilicheza michezo 54 ya ligi ukijumlisha na ya mtoano, na Cronk alicheza 49. Pearce, aliyekuwa mdogo kwa zaidi ya miaka mitano, alipasuka msuli wa kifua mapema mwaka 2018 na kukaa nje kwa miezi kadhaa. Umri ni dalili tu, na mwenye kusajili afadhali asome rekodi ya mwili wa mtu huyo mwenyewe, pamoja na jinsi anavyojitunza, kuliko kusoma cheti chake cha kuzaliwa.

Septemba

Msimu wa mtoano katika ligi ya Australia huanza Septemba, na ni hapo mizani ilipoinama.

Tarehe 22 Septemba 2018 Roosters iliifunga South Sydney 12-4 katika mchezo uliotangulia fainali. Ulikuwa mchezo wa ukabaji mtupu, na ndani yake Cronk aliumia bega la kushoto. Vipimo vilionyesha kwamba amevunjika kombe la bega, ule mfupa bapa wa nyuma. Kiswahili kimetupa bahati ya neno hili, maana wiki nzima iliyofuata Sydney haikuzungumza jambo jingine ila kombe moja lililovunjika na jingine lililosubiri kunyakuliwa.

Tarehe 30 Septemba aliingia uwanjani. Hakuweza kuutumia mkono wake wa kushoto inavyostahili, hakupiga mikwaju kama kawaida yake, na mpira wenyewe aliugusa kwa nadra. Wenzake walimficha katika ukabaji, naye akatembea nyuma ya mstari akielekeza kwa sauti na mkono wa kulia: huyu asogee, yule asubiri, wanakuja upande huu. Wapinzani walikuwa Melbourne Storm, timu aliyoishi ndani yake kwa miaka 14, na kila mpango wao aliujua kama anavyojua njia ya kwake. Kufikia mapumziko Roosters ilikuwa ikiongoza 18-0. Mchezo uliisha 21-6.

Tafsiri ya siku ile ndiyo kiini cha mjadala wote. Wapo wanaosema ilikuwa hadithi ya ushujaa iliyotiwa chumvi: kwamba Roosters ingeshinda hata kwa kumweka mchezaji mzima wa akiba, kwani aliyefanya kazi halisi alikuwa namba 6, yaani mshirika wa namba 7 katika kuongoza mashambulizi, Luke Keary, ambaye alipewa nishani ya Clive Churchill ya mchezaji bora wa fainali. Wapo wanaosema kocha alicheza kamari mbaya iliyolipa kwa bahati, kwa sababu kugongwa mara moja tu mahali pabaya kungeiacha timu ikiwa imepoteza nafasi ya kubadilisha mchezaji. Hoja zote mbili zina uzito, na ile ya pili naikubali kwa asilimia mia. Kocha anayejifunza kutokana na siku ile kwamba ni halali kumpanga mtu aliyevunjika mfupa amejifunza somo baya.

Lakini hoja ya kwanza inajipinga yenyewe. Keary alikuwa Roosters tangu 2017, akicheza kando ya Pearce. Alikuwa na kipaji kilekile. Kilichobadilika ni kwamba mwaka mzima wa 2018 alicheza kando ya mtu aliyempunguzia mzigo wa kufikiri, kisha siku ya mwisho, mtu huyo aliposhindwa kupiga mpira, Keary aliupokea mzigo akiwa tayari ameshaujua uzito wake. Hapo ndipo ninapoiona thamani ya Cronk, hata zaidi ya mikwaju yake mwenyewe. Watu wa kwetu husema jungu kuu halikosi ukoko, na wanaowapinga wakongwe hujibu kwamba ukoko haushibishi nyumba nzima. Sawa, haushibishi, lakini fainali ile ilichezwa na vijana walioshiba mwaka mzima kutoka jungu hilo.

Jina la Tedesco ni lazima lirudi hapa, la sivyo ulinganisho utakuwa wa udanganyifu. Cronk na Tedesco walifika pamoja, na hakuna hesabu inayoweza kuwatenganisha kikamilifu. Mtu akiniambia kwamba Pearce naye angetwaa ubingwa wa 2018 akiwa na Tedesco nyuma yake, sina namna ya kumkatalia. Ninachoweza kusema ni kwamba timu za Pearce hazikuwa na upungufu wa vipaji mwaka 2014 na 2015, zilipomaliza kileleni, na bado zilikwama palepale.

Fainali ya 2019, iliyochezwa tarehe 6 Oktoba dhidi ya Canberra Raiders, inatupa picha ya upande wa pili wa mkongwe. Katika kipindi cha pili Cronk alimkaba mshambuliaji Josh Papalii kabla hajapokea mpira, karibu na mstari, na mwamuzi akamtoa nje kwa dakika 10. Lilikuwa kosa la mtu ambaye akili imefika kabla ya miguu: aliona hatari mapema, akaifuata mapema mno. Hapo mpinzani wa mkongwe ana haki ya kunyoosha kidole. Ajabu ni kwamba katika dakika hizo 10, Roosters wakiwa 12, Raiders hawakupata trai hata moja. Mchezo uliisha 14-8, Roosters ikawa klabu ya kwanza kutetea ubingwa katika ligi moja iliyoungana tangu Brisbane Broncos ya 1992 na 1993, na Cronk akastaafu siku hiyohiyo akiwa na michezo 372. Ukabaji wa watu 12 kwa dakika 10 haukuwa kazi yake, maana alikuwa ameketi nje. Kama kuna aliyeutazama kwa jicho la kusema nidhamu ile ilijengwa mazoezini na mtu kama yeye, na mwingine kwa jicho la kusema timu ilithibitisha kwamba haimhitaji, nadhani wote wawili wanatazama ukweli mmoja kutoka milango tofauti.

Pearce wa Newcastle

Kosa la ulinganisho mwingi wa jambo hili ni kumwacha Pearce mlangoni mwa Roosters kana kwamba maisha yake yaliishia pale. Klabu aliyokwenda, Newcastle Knights, ilikuwa imeshika mkia wa ligi miaka mitatu mfululizo, 2015, 2016 na 2017. Katika mchezo wake wa kwanza, Machi 2018, ulipofika muda wa nyongeza ambapo anayetangulia kupata pointi ndiye mshindi, Pearce alipiga mkwaju wa pointi moja na kuifunga Manly 19-18. Timu ilimaliza nafasi ya 11 mwaka huo na ya 11 tena 2019, kisha ikafuzu hatua ya mtoano 2020 kwa mara ya kwanza tangu 2013, ikafuzu tena 2021.

Katika mwezi wa Julai 2019, akiwa na miaka 30, alipata pia kilichokuwa kikimponyoka kwa zaidi ya miaka kumi, ushindi wa jumla dhidi ya Queensland: alirudishwa katika kikosi cha New South Wales kwa mchezo wa tatu na wa kuamua, na katika dakika ya mwisho akashiriki katika shambulizi lililomalizwa na Tedesco, New South Wales ikashinda 26-20. Si ajabu kwamba wengi waliokuwa wakimkosoa walifurahi naye.

Muhimu kwa anayechagua ni hili: huko Newcastle, Pearce ndiye aliyekuwa mkongwe. Mtu yuleyule aliyeonekana Sydney kuwa kijana asiyemaliza kazi alikuwa, kilomita 160 kaskazini, ndiye mzee wa chumba cha kubadilishia nguo, anayewalea vijana kama Kalyn Ponga. Na thamani yake ilionekana zaidi alipoondoka. Aliomba kuachiliwa mwishoni mwa 2021 ili aende Catalans Dragons ya Ufaransa. Mwaka uliofuata Knights, bila namba 7 wa kiwango chake, iliporomoka hadi nafasi ya 14 kati ya timu 16.

Je, Knights ingefanya vizuri zaidi kama ingempata Cronk badala yake? Sidhani hata kidogo. Timu iliyoshika mkia inahitaji mtu wa kukaba sana, kuumia na kurudi, na kubaki miaka minne huku wengine wakikua. Cronk alikuwa na misimu miwili tu ndani ya mwili wake, na kuitumia yote kuipandisha timu kutoka nafasi ya 16 hadi ya 11 kungekuwa sawa na kuwasha taa ya karabai mchana.

Aliyeachwa bila mkongwe

Tusisahau klabu ya tatu katika mkasa huu. Melbourne Storm ilimpoteza Cronk na haikununua namba 7 mwenye jina. Ilimjaribu kijana Brodie Croft, ambaye ndiye aliyevaa namba 7 katika fainali ya 2018 iliyopotezwa. Mwaka 2019 ikamaliza kileleni mwa msimamo lakini ikatolewa na Roosters ya Cronk 14-6. Hatimaye ikamhamisha Jahrome Hughes kutoka nafasi ya beki wa mwisho, na mwaka 2020 ikatwaa ubingwa kwa kuifunga Penrith 26-20. Hughes aliendelea kukomaa hadi akashinda tuzo ya Dally M mwaka 2024.

Wanaopinga kuwalipa wazee huupenda mfano huu, na kwa mtazamo wa kwanza wana haki. Shida ni kwamba nahodha wa Storm ile ya 2020 alikuwa Cameron Smith, namba 9, mwenye miaka 37, ambaye alistaafu baadaye na michezo 430, rekodi ya ligi. Storm iliweza kumsubiri kijana namba 7 akomae kwa sababu hatua chache kutoka kwake alisimama mzee mwingine aliyekuwa akigusa mpira katika karibu kila shambulizi.

Gharama iliyokuja baadaye

Kwa Roosters, deni la uamuzi wa 2017 lilidaiwa kuanzia 2020. Aliyemfuata Cronk, Kyle Flanagan, alikaa msimu mmoja tu kabla ya kuachwa. Mwaka 2021 Keary aliumia goti mapema, na jezi namba 7 ikaangukia kwa Sam Walker, kijana wa miaka 18. Timu haikuwa mbaya, ilifuzu mtoano mara kwa mara, lakini hadi mwisho wa msimu wa 2025 haikuwa imerudi fainali. Kama Pearce angebaki, mwaka 2020 angekuwa na miaka 31, umri ambao namba 7 wengi huwa ndio kwanza wanaona vizuri. Huo ndio upungufu halisi wa kumchagua mkongwe, nao hauonekani katika miaka unayomtumia, bali katika pengo analoliacha wakati warithi waliostahili kuandaliwa walikuwa wakikaa benchi au walikwisha kuondoka.

Je, mataji mawili yanalipa pengo hilo? Mimi nasema yanalipa, tena na chenji inabaki, kwa sababu katika ligi yenye kikomo cha mishahara, ambapo kila klabu inalazimika kupanga upya kikosi chake kila miaka michache, mlango wa ubingwa hufunguka kwa muda mfupi na hufungwa bila taarifa. Lakini nisingemlaumu mtu anayependa timu yake imlee mtoto wa nyumbani kwa miaka 15 na kukubali kombe moja badala ya mawili. Hilo ni suala la anachokipenda, na halina kipimo.

Kwa anayetakiwa kuchagua

Anayekaa mezani leo akiwa na majina mawili mbele yake, la mkongwe na la mdogo wake, ajiulize kwanza timu yake ilikwama mwezi gani mwaka uliopita. Kama ilikwama Septemba, ikiwa na ushindi wa kutosha, vipaji vya kutosha na kocha mwenye nafasi yake, huku ikikosa mtu wa kutuliza mambo katika dakika ya 70, basi amchukue mkongwe, ampe mkataba wa miaka miwili na si minne, na siku hiyohiyo ya kutia saini amtaje kijana atakayekaa karibu naye mazoezini. Kama ilikwama Mei, ikipoteza michezo kwa sababu haina nguvu ya kukaba wala kina cha kikosi, Cronk hawezi kumsaidia. Amtafute Pearce, mtu wa miaka 28 au 29 mwenye jambo la kuthibitisha, na amvumilie katika majeraha na nafasi za 11.

Kama mkongwe mwenyewe yumo tayari ndani ya nyumba na swali ni kumwongezea mwaka au kumwacha, kipimo kinachofaa kuliko vyote ni kumtazama mchezaji anayesimama kando yake. Namba 6 anayecheza vizuri zaidi kila mwezi akiwa na mzee huyo anatosha kuwa sababu ya kumwongezea. Namba 6 aliyeacha kuamua lolote kwa sababu mzee huamua kila kitu ni dalili kwamba mwaka wa kuagana umefika, hata kama mikwaju ya mzee bado inaanguka palepale kwenye kona.